Mkristo na Kanisa la Mahali Akaapo

Karani akihamishwa kazi kutoka wilaya moja mpaka nyingine, yako mambo ambayo huyafanya kabla juma la kwanza halijaisha. Hutafuta nyumba ya kupanga, huuliza shule ya kuwapeleka watoto wake, na hutaka kujua ni duka lipi liuzalo unga kwa bei nafuu. Lakini kama yeye ni Mkristo, liko jambo moja ambalo mara nyingi huliahirisha, nalo ni kwenda kujijulisha katika kanisa la mahali pale. Husema moyoni mwake, "Kanisa langu liko nyumbani, huku nimekuja kufanya kazi tu."

Basi miaka mitatu hupita. Siku ashikwapo na homa kali akalazwa hospitalini, hapana hata mmoja wa imani yake ajuaye kitanda alicholazwa. Watu wa kanisa la nyumbani hudhani ya kuwa yumo katika ulinzi wa ndugu wa mjini, na ndugu wa mjini hawajapata kulisikia jina lake. Mtu huyu ana makanisa mawili katika maneno yake, lakini kwa kweli hana hata moja.

Wako wengi wasemao ya kwamba jambo hilo si neno. Husema kuwa Mungu hakai katika nyumba iliyojengwa kwa mawe na saruji, kwamba mtu aweza kusali shambani mwake, na kwamba siku hizi mahubiri mema husikika katika redio, na hata katika simu ya mkononi. Hayo yote ni kweli. Mkulima aliyesimama katikati ya mahindi yake aweza kumwomba Mungu, na Mungu atamsikia. Lakini kusali ni jambo moja, na kuwa mtu wa kanisa ni jambo jingine. Redio yaweza kumhubiria mtu, lakini haiwezi kumwuliza kwa nini hakuonekana Jumapili iliyopita, wala haiwezi kumchimbia kaburi.

DESTURI YA MITUME

Ni vyema kukumbuka jinsi mambo yalivyokuwa hapo mwanzo. Mtume Paulo alipoandika nyaraka zake, nyingi hakuziandika kwa Wakristo wa dunia nzima, bali kwa watu wa mji fulani: Korintho, Filipi, Thesalonike. Watu hao walijuana kwa majina, na magomvi yao yalijulikana pia. Hata waraka ule mfupi aliomwandikia Filemoni, ambao wengi huudhania kuwa ni barua ya mtu mmoja kwa mwenzake, aliupeleka vilevile kwa kanisa lililokutana katika nyumba ya Filemoni.

Jambo hilo lina maana kubwa. Waraka ule ulikuwa juu ya Onesimo, mtumwa aliyeachana na bwana wake, na ambaye sasa alikuwa akirudi hali amekuwa Mkristo. Paulo alitaka apokewe kama ndugu. Kama neno hilo lingalikuwa siri ya bwana na mtumwa wake, nani angalijua kama limetimizwa? Lakini liliposomwa mbele ya watu waliokuwa wakikutana pale, watu hao wote waliwekwa kuwa mashahidi. Undugu wahitaji watu wa kuushuhudia, nao hauwi undugu mpaka uwe na mahali pa kukaa.

HABARI ZA RABAI

Katika nchi ya Kenya jambo hilo lilionekana wazi kule Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Dakta Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka uo huo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846, alipokwisha kufika mwenziwe Rebmann, walianzisha kituo cha misheni Rabai. Rebmann alikaa katika nchi hii mpaka mwaka 1875, akaondoka hali amekuwa kipofu. Katika miaka hiyo yote watu walioamini walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa kiwete aliyeitwa Mringe, naye alibatizwa alipokuwa karibu ya kufa.

Mahubiri yalikuwako tangu mwanzo, na vitabu vilikuwa vikiandikwa; lakini jamii kubwa ya waaminio haikuwako bado. Jamii hiyo ilikua zaidi baada ya mwaka 1875, ulipojengwa mji wa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwa makao ya watumwa waliookolewa baharini. Kengele iliwekwa pale kuwaita watu na kuwaonya hatari ikija, na mpaka leo mahali pale paitwa Kengeleni.

Katika miaka iliyofuata, watu wengi waliowatoroka mabwana zao wa pwani walikimbilia Rabai. Wengine walikuwa Wayao, wengine Wanyasa. Walikuwa wametekwa mbali, na wengi hawakuwa na ukoo wala mzee wa kuwasemea. Mmoja wa waliolichunga kanisa la Rabai wakati huo alikuwa William Jones, ambaye yeye mwenyewe alitekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa Nasik katika Bara Hindi, kisha akapewa ushemasi mwaka 1885. Aliijua hali ya mtu asiye na kwao.

Mwaka 1888 mabwana wa watumwa walidai warudishiwe watu wao. Mambo yalikuwa ya hatari, maana sheria ya wakati ule ilikuwa upande wa mabwana. Mwisho wake, Bwana Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa alifanya shauri la kuwalipa mabwana fidia, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 watoro 1,400 hivi waliokuwa Rabai na katika vituo vingine vya misheni walipewa hati za uhuru.

Msomaji na afikiri juu ya jambo hili. Mtoro aliyejificha peke yake msituni, hata kama alisali usiku na mchana, angewezaje kupata hati ile? Ni nani angesema, "Huyu twamjua, analima pale, mkewe ni fulani"? Wale waliopata uhuru siku ile waliupata kwa kuwa walikuwa mahali palipojulikana, katikati ya watu waliokubali kuhesabiwa pamoja nao. Hawakuwa wote wamebatizwa. Lakini palikuwako kanisa lenye mahali na lenye majina, na mlango wao wa kuingilia ukawa huo.

"KANISANI KUNA WANAFIKI"

Wako wengine ambao hawapingi hayo, ila husema, "Kanisa la kwetu lina ugomvi. Wazee wanagombania fedha, na mwimbaji anayeimba kwa sauti kubwa ndiye mlevi wa kwanza." Neno hili halifai kudharauliwa, maana mara nyingine ni kweli tupu. Hata Freretown haikuwa safi. Mwaka 1881 habari za adhabu kali za viboko walizopigwa watu wa mji ule zilitoka nje, zikaiaibisha misheni. Na kanisa la Korintho lilikuwa na wenye kushitakiana barazani, na wenye kula hata kulewa mezani pa Bwana huku maskini wakiona njaa. Paulo aliwakemea kwa ukali, lakini hakumwambia hata mmoja wao ajitenge akasali peke yake.

Anayeondoka kwa ajili ya wanafiki huwaachia wanafiki kanisa. Tena yeye mwenyewe hukosa mtu wa kumwonyesha kosa lake, maana aishiye peke yake hujiona mwema kila siku. Nyani haoni kundule.

Mfano mzuri watokana na ndugu wa Uamsho, waliofika Kenya kutoka Rwanda mwaka 1937 wakahubiri Kabete. Watu hao waliona ubaridi mwingi katika makanisa, nao hawakuficha maneno yao. Lakini wengi wao hawakujitenga. Walikutana nyumbani kwa ushirika, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao, na siku ya Jumapili wakaketi katika makanisa yao yale yale. Kadhalika katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikata shauri kuzitilia nguvu jumuiya ndogo ndogo, ambazo ndani yake majirani wa nyumba chache husoma Maandiko pamoja na kutazamana katika shida. Walitambua ya kuwa parokia ikiwa kubwa mno, mtu aweza kupotea ndani yake hali ameketi katikati ya watu.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwa hiyo Mkristo ahamiaye mahali pageni yafaa aombe barua kutoka kwa mchungaji wake kabla hajafunga mizigo, na aipeleke kwa mchungaji wa mahali aendako katika mwezi wa kwanza. Asizunguke kila Jumapili akionja makanisa kama aonjaye embe sokoni. Achague moja, akae, atoe sadaka yake pale, na akubali kazi ndogo: kufagia, kuandika daftari la mahudhurio, kuwafundisha watoto. Karani ajuaye hesabu aweza kuwa msaada mkubwa katika kanisa ambalo vitabu vyake vya fedha vimechafuka. Huenda ugomvi ule anaoulalamikia ukaisha kwa kalamu yake mwenyewe.

Makanisa nayo yana wajibu wao. Mgeni akija mara mbili asiulizwe jina, kosa si lake peke yake. Wazee na waweke mtu mlangoni ambaye kazi yake ni kuwasalimu wageni, kuwauliza wamepanga wapi, na kuwatembelea kabla Jumapili nyingine haijafika. Mgeni huyo huenda ana mengi ya kutoa, au huenda ana shida ambayo hawezi kuisema mbele ya watu.

Wazee walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ukikitoa kinga kimoja jikoni ukakiweka mbali, kitafuka moshi kidogo, kisha kitazimika; wala hakikuzimika kwa sababu kilikuwa kibaya, bali kwa sababu kilikuwa peke yake. Yule karani aliyehamishwa hajachelewa bado. Jumapili i karibu, na kanisa la mahali pale haliko mbali na nyumba aliyoipanga.