Amri na Huruma

Je, yampasa jemadari kuua huruma ili aweze kuwaamuru askari? Tarehe 5 Juni, 1944, Jenerali Eisenhower wa Marekani alikuwa ameonywa kwamba askari wengi wa miavuli wangekufa huko Ufaransa. Hakuitangua amri. Lakini jioni ile aliwaendea huko Uingereza walikojiandaa, akazungumza nao ana kwa ana. Tena alikuwa ameandika kwamba shambulio likishindwa, lawama ni yake peke yake.

Mfalme Daudi alikula na Uria, kisha akambebesha barua ya kumwua yeye mwenyewe. Alipoletewa habari, akasema vita ndivyo vilivyo (2 Samweli 11).

Ndugu, kuzuia machozi ili kazi ifanyike si dhambi. Dhambi ni kusahau kwamba unayemtuma ni mtu, na Mungu atakuuliza habari zake. Amina.