Mtoto Akikosa Chuo Alichokitaka

Wazazi wapendwa, hapa Kigwa mtoto akikosa chuo alichokichagua husemwa kuwa amefeli. Sivyo. Ulizeni kwanza: alama zilipungua, au nafasi zilijaa?

Stashahada ya uuguzi, kwa mfano, hudai kufaulu masomo manne ya kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mwenye sifa hizo aombe chuo kingine. Aliyepungukiwa somo ajiandikishe NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie mtihani Novemba. Anayetaka chuo kikuu afuatilie awamu ya pili ya udahili.

Nyumbani msimlinganishe na mtoto wa jirani. Akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili, mpelekeni hospitali. Akitaja kujiua, msimwache peke yake. Mpelekeni siku hiyo hiyo.