Mzazi Asiyejua Kiarabu: Nafasi ya Kiswahili katika Kumhimiza Mwanafunzi wa Shule ya Msingi Zanzibar

1.0 Utangulizi

Mtoto wa Unguja au Pemba aghalabu huanza kuzitamka herufi za Kiarabu kabla hajaingia darasa la kwanza. Huzipata chuoni, kwa mwalimu wa jirani, na kabla ya kumaliza shule ya msingi wengi huwa wameshaipita juzuu ya Amma, yaani sehemu ya thelathini ya Kurani yenye sura 37 fupifupi. Huzisoma sura hizo kwa sauti iliyonyooka, na wazazi wake humsikiliza kwa furaha. Mtoto huyohuyo, akiulizwa shuleni katika kipindi cha Kiarabu aseme kwamba ana kiu, mara nyingi hunyamaza.

Ukimya huo ndio mada ya makala haya. Kiarabu ni miongoni mwa masomo yanayofundishwa katika shule za msingi za serikali Zanzibar, na hakuna mzazi anayelipinga somo hilo hadharani. Hata hivyo, kutopinga si kuhimiza. Makala haya yanadai kwamba mzazi huonekana kulipuuza somo kwa sababu mbili: kwanza, anadhani chuo kimeshaifanya kazi hiyo, pili, anadhani yeye mwenyewe hana la kuchangia kwa kuwa hajui Kiarabu. Dhana zote mbili zina makosa, na Kiswahili anachokisema nyumbani kila siku ndicho kinachoweza kuyaonyesha.

2.0 Chuo, Shule na Maana ya Kusoma

Neno chuo lina historia ndefu. Katika Kiswahili cha kale lilikuwa pia na maana ya kitabu, na kutokana na maana hiyo likapatikana neno mwanachuoni, mtu aliyebobea katika elimu ya dini. Vivyo hivyo, kitenzi kusoma kwa watu wa pwani kilimaanisha, kabla ya jambo lolote jingine, kuisoma Kurani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika maelezo yake ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa na Velten mwaka 1903, anakitaja chuo kama hatua ya kawaida katika makuzi ya mtoto. Lengo la chuo lilikuwa wazi: mtoto ahitimu. Kuhitimu kulikuwa ni kuimaliza Kurani kwa kuisoma, wala hakukumtaka mtoto ajue maana ya kila neno alilolitamka. Maana ilikuwa ni elimu ya baadaye, ya wachache, chini ya masheikh misikitini na majumbani.

Mpangilio huo haukuwa na kasoro kwa kazi uliyokusudiwa. Matatizo yalianza pale shule ilipokuja na dhana nyingine ya kusoma. Shule za serikali zilipoanzishwa Zanzibar katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, zikiwa na Kiswahili cha hati za Kirumi, wazazi wengi walisita kuwapeleka watoto wao. Waliona kwamba mtoto anatolewa chuoni na kupewa kitu kisichokuwa na Kurani ndani yake. Kuingizwa kwa mafunzo ya Kurani na Kiarabu katika ratiba ya shule kulisaidia kuupunguza wasiwasi huo. Kwa hiyo, tangu mwanzo, somo la Kiarabu shuleni lilibeba mzigo ambao masomo mengine hayakuubeba: lilikuwa ni dhamana kwa mzazi kwamba shule haimtoi mtoto wake katika dini. Somo linalokuwepo ili kumtuliza mzazi halimlazimu mzazi huyo kuuliza mtoto wake amejifunza nini ndani yake.

Mombasa suala hili lilijadiliwa kwa ukali zaidi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937, alilitumia gazeti lake la Al-Islah, lililoanza mwaka 1932 likitoka kwa Kiarabu na Kiswahili, kuwahimiza Waislamu wa pwani waipe elimu uzito unaostahili. Inafaa kukumbuka kwamba mwanachuoni huyo, ambaye Kiarabu chake hakikuwa na shaka, aliona ni lazima aseme na watu wake kwa Kiswahili. Hoja ya makala haya inafuata njia hiyohiyo, ingawa kwa madhumuni madogo zaidi.

Ni haki pia kumtendea mzazi insafu. Mzazi mwenye fedha kidogo za masomo ya ziada huzipeleka kwenye Kiingereza na hesabu. Huo si ujinga; ni hesabu ya mtu anayeujua ulimwengu wa ajira. Kumwambia mzazi huyo kwamba Kiarabu ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1973 ni kumwambia kweli isiyofika nyumbani kwake. Kinachofika ni kile anachokiona mtoto wake akikifanya usiku ule baada ya kutoka shule.

3.0 Kiarabu Kilichomo Mdomoni mwa Mtoto

Walimu wengi huanza somo kana kwamba mwanafunzi hana neno hata moja la lugha ile. Ukweli ni kinyume. Katika kuhesabu pekee, mtoto wa Kiswahili ana sita, saba na tisa. Ana makumi yote kuanzia ishirini hadi tisini. Ana mia na elfu. Kinachobaki ni tarakimu chache na mpangilio, kwani Kiarabu hutanguliza moja kabla ya ishirini, na Kiswahili hutanguliza ishirini. Mtoto aliyeambiwa hayo siku ya kwanza huondoka darasani akiwa na mali, badala ya kuondoka na deni.

Utajiri wenyewe, hata hivyo, haumo katika neno mojamoja. Umo katika jamaa za maneno. Kiarabu hujenga maneno yake kwa mizizi ya konsonanti, aghalabu tatu, na kuipachika katika vielelezo maalumu vya irabu na viambishi. Mtoto anayejua kitabu, katibu, maktaba na mkataba tayari ameushika mzizi k-t-b bila kuambiwa. Anayejua hukumu, hakimu, mahakama na hekima ameushika h-k-m. Akipangiwa ubaoni maktaba, mahakama na madrasa, kisha akaulizwa maneno hayo yana nini cha pamoja, mtoto wa darasa la nne anaweza kujibu mwenyewe kwamba yote ni mahali. Amekigundua kielelezo cha mofolojia ya Kiarabu ambacho vitabu vya sarufi hukieleza kwa kurasa kadhaa. Akipangiwa katibu, hakimu na tajiri, ataona mtenda. Hapo mwalimu atamweleza kwamba tajiri kwa Kiarabu ni mfanyabiashara, na kwamba ni Waswahili waliomwangalia mfanyabiashara wakaona fedha zake.

Kiswahili kimeificha mizizi hiyo mahali pengine, na maficho yenyewe yanafundisha. Kitabu kilipoingia katika Kiswahili, ki- yake ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa vitabu. Kwa Kiarabu k hiyo ni sehemu ya mzizi wenyewe, na wingi ni kutub. Mwalimu nalo lilitoka katika muallim. Mu- yake ikapata makao katika ngeli ya watu, na wingi ukawa walimu. Mtoto anayeelewa kwa nini Mwarabu hasemi “vitabu” ameelewa jambo moja kuhusu Kiarabu na jambo kubwa zaidi kuhusu Kiswahili.

Tahadhari inahitajika hapa, na si ya pembeni. Njia hii ikitumiwa kwa pupa itaufufua uvumi wa zamani kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochanganywa. Tafiti za isimu historia, hususan ile ya Nurse na Hinnebusch ya mwaka 1993, zimekiweka Kiswahili mahali pake katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na lahaja za Komoro. Ngeli zake, vitenzi vyake na upatanisho wake ni vya Kibantu. Mfano wa vitabu na walimu unalithibitisha hilo kuliko hotuba yoyote: neno la kigeni liliingia, sarufi ya mwenyeji ikalivisha nguo zake. Mwalimu wa Kiarabu asiyelisema hilo waziwazi atakuwa amemhimiza mtoto kwa kumpokonya lugha yake.

4.0 Pale Ujamaa Unapodanganya

Maneno yaliyokopwa humsaidia mwanafunzi kukumbuka, na humpotosha katika mambo mawili: sauti na maana.

Kwa upande wa sauti, Kiswahili kimezikunja fonimu kadhaa za Kiarabu kuwa moja. Dhahabu, dhaifu na adhuhuri huanza, au hubeba, sauti moja kwa mtoto wa Kiswahili. Kwa Kiarabu ni herufi tatu tofauti. H ya Kiswahili imepokea herufi tatu pia, ingawa wazee wengi wa pwani bado hutofautisha kwa kusema khabari na kheri. Ain imepotea kabisa katika asali na elimu. Tofauti kati ya k ya kaakaa laini na ile ya nyuma zaidi, karibu na kidakatonge, nayo imetoweka, na hapo ndipo penye hatari inayojulikana na kila mwalimu: qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Mtoto wa chuoni huzijua tofauti hizi. Amezizoeza kwa miaka katika tajwidi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba ulimi anaoutumia chuoni ndio huohuo anaotakiwa kuutumia shuleni anapoomba maji. Daraja hilo likijengwa, chuo kinageuka kuwa msingi wa somo, badala ya kuwa kisingizio cha kulipuuza.

Kwa upande wa maana, karibu ni mfano mzuri. Kwa Kiarabu qarib ni kilicho jirani. Mgeni hakaribishwi nyumbani kwa neno hilo. Rahisi kwa Kiarabu ni cha bei ndogo, na haihusiani na mtihani mwepesi. Watoto hufurahia sana mambo haya, kwa kuwa yana mzaha ndani yake, na mzaha hukaa kichwani kuliko orodha ya msamiati.

5.0 Kazi ya Nyumbani Isiyomwaibisha Mzazi

Kazi ya nyumbani ya kawaida humtaka mtoto anakili sentensi kumi. Mama asiyesoma Kiarabu huliangalia daftari, hugeuza uso, na mtoto huuona uso huo. Kazi ya namna nyingine inawezekana. Mtoto atumwe jikoni kukusanya maneno: sahani, sukari, samaki, asali, kahawa, kitunguu thomu. Bibi aulizwe ni yepi kati ya hayo anadhani ni ya Kiarabu, na ni yepi si yake. Hapo meza itajitokeza kuwa ya Kireno na gari kuwa la Kihindi, na ubishi wa nyumba nzima utahamia darasani kesho yake. Katika zoezi hilo mzazi ni mtoa habari. Ujuzi wake wa Kiswahili, hasa ule wa wazee, ndio data yenyewe. Bibi anayesema khabari anakuwa na thamani ambayo kitabu cha kiada hakina.

Zoezi hilo pia humwonyesha mzazi, bila kuhutubiwa, kwamba kutamka si kuelewa. Mara nyingi ni yeye atakayeuliza maana ya neno lililomo katika sura fupi anayoisoma kila siku katika sala. Mtoto wa miaka kumi anayemfafanulia mama yake neno moja la namna hiyo hahitaji zawadi ya mwalimu, wala kiboko chake.

Lipo tatizo moja ambalo mbinu hizi hazilitatui. Familia nyingi za Zanzibar zina jamaa Oman, walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 au waliofuata kazi tangu miaka ya 1970. Mtoto akizungumza nao kwa simu husikia Kiarabu ambacho si kile cha daftari lake. Ferguson, katika makala yake ya mwaka 1959, alikitumia Kiarabu kuwa mmoja wa mifano minne ya daiglosia, hali ambamo sajili ya juu na ya chini za lugha moja hugawana kazi. Mtoto hajui nadharia hiyo; anachojua ni kwamba binamu yake wa Muscat amecheka alipomwamkia kwa Kiarabu fasaha. Mwalimu anapaswa kumwandalia jibu mapema: kwamba Kiarabu anachojifunza ni cha kitabu, cha redio na cha nyaraka za Kiarabu zilizohifadhiwa Kilimani, na kwamba binamu naye hujifunza kikihikihi shuleni kwake, ameketi darasani kama yeye.