Nyumba ya Kwanza ya Mjusi wa Ndevu

Mwezi huu naandika habari za mjusi, na najua wako watakaocheka. Wacheke, si kitu. Lakini ndugu zetu wengi waishio Ulaya na Marekani wanaombwa na watoto wao wanunuliwe mjusi wa kufuga, na barua ya mmoja wao ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo nalikosea mimi mwenyewe hapa Njinjo.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja alikuja chuoni na mkebe wa biskuti, kifuniko chake kimetobolewa matundu kwa msumari. Ndani yake alikuwamo gorong'ondwa dume, mwenye kichwa kikubwa kilichokoza rangi, yule mjusi tumwonaye kila siku juu ya mawe na magogo ya mikorosho akitikisa kichwa. Mtoto aliniuliza amweke wapi mpaka somo liishe. Mimi, kwa kuwa nimemwona mnyama huyo akiota jua tangu utoto wangu, nikamjibu, "Mweke juani, ndiko apendako." Tulipotoka kwa sala ya adhuhuri tukaufungua mkebe. Mjusi alikuwa amekufa, kinywa wazi.

Mtoto hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Maalim, si ulisema anapenda jua?"

Sikuwa na jawabu. Jawabu lilikuja miezi baadaye, tena kutoka nchi ya baridi. Mpwa wangu akaaye Leicester, Uingereza, alimnunulia binti yake mjusi aitwaye mjusi wa ndevu. Wakamtia katika sanduku la kioo karibu na dirisha, ili apate mwanga. Siku zikapita, mjusi hali, hachezi, ngozi imepiga weusi. Mpwa wangu akaniletea picha kwa simu na kuniomba dua. Dua nikaomba, naye kwa upande wake akampeleka mjusi kwa daktari wa wanyama, na maneno ya daktari yule akaniandikia yote.

Mjusi wa ndevu asili yake ni majangwa ya Australia. Ni wa ukoo mmoja na gorong'ondwa wetu, nao wafanana kwa kichwa na kwa tabia. Akighadhibika hutunisha miiba ya kooni mwake, ikawa nyeusi kama ndevu, ndipo akaitwa hivyo. Akikomaa hufika sentimita 45 hata 60 pamoja na mkia, na akitunzwa vema huweza kuishi miaka kumi na zaidi. Mzazi na afikiri kwanza juu ya hiyo miaka kumi, kwani mtoto wa leo mwenye miaka tisa ataondoka nyumbani, na mjusi atabaki na mama.

Basi hapa ndipo penye siri yote. Mwili wa mjusi haujifanyii joto lake kama mwili wa mtu au wa mbuzi. Joto lake hulitafuta kwa miguu: akiona baridi hutoka juani, akizidiwa hukimbilia kivulini, na mchana kutwa ni kwenda na kurudi. Bila joto hata chakula hakisagiki tumboni mwake. Kwa hiyo ukimfungia mahali penye jua tupu umemwua, kama nilivyofanya mimi. Na ukimfungia mahali pasipo jua umemwua pia, ila polepole. Mkebe wetu ulikosa kivuli, na sanduku la Leicester lilikosa jua.

Nyumba yake, basi, iwe ndefu, ili upande mmoja uwe na joto kali na wa pili uwe na ubaridi. Kwa mjusi mzima inatakiwa isipungue sentimita 120 kwa urefu, 60 kwa upana na 60 kwenda juu. Upande mmoja huangikwa taa ya joto, na chini yake huwekwa jiwe pana au gogo la kupanda, hapo joto lifike digrii 38 hadi 42. Upande wa pili liwe kama digrii 25, na pawe na pango la kujifichia. Vipimajoto viwe viwili, kimoja kila upande, maana mkono wa mwanadamu hudanganya. Taa izungushiwe wavu asije akaungua. Usiku taa huzimwa, naye hastahimili tu bali huhitaji giza.

Taa ya joto peke yake haitoshi. Jua lina mionzi isiyoonekana kwa macho ambayo kwayo mwili hutengeneza vitamini D, na bila hiyo madini ya kalsiamu hayaingii mifupani. Mjusi aliyeikosa hupinda miguu na taya lake hulegea. Kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo, na hilo ndilo lililomponza mpwa wangu: aliona mwanga akadhani ni jua. Yapasa kununua taa maalumu ya mionzi hiyo, iwashwe saa 12 hadi 14 kila siku, na ibadilishwe kwa muda uliowekwa na waliyoitengeneza, kwani nguvu yake huisha nayo ingali inawaka.

Sakafuni hutandikwa karatasi au vigae. Mchanga huweza kumezwa na mjusi mchanga ukamziba tumbo. Akae peke yake, kwani wawili hupigana. Hula nyenje na panzi waliopakwa unga wa kalsiamu, wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, pamoja na majani mabichi. Parachichi ni sumu kwake, na kimulimuli mmoja huweza kumwua. Mtoto na anawe mikono kwa sabuni kila amshikapo, maana mijusi hubeba vijidudu vya salmonela, na vyombo vyake visioshwe jikoni.

Haya yote yafanyike kabla mjusi hajafika. Nyumba iwashwe taa siku kadhaa, ipimwe joto asubuhi na jioni, ndipo mgeni aletwe.

Tena ulizeni kazaliwa wapi. Mijusi wa ndevu wauzwao Ulaya huzalishwa majumbani, kwa kuwa Australia hairuhusu wanyama wake kutolewa kwa biashara. Kwetu mambo yalikuwa mengine. Yule mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, alichukuliwa kwa maelfu kwenda kuuzwa ng'ambo, na mikadi aishimo ikakatwa ili akamatwe, hata mwaka 2017 mataifa yakazuia biashara ya kumtoa mwituni. Na hapa Tanzania, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali kwa kumfuga mnyama wa mwituni. Gorong'ondwa wetu na aachwe juu ya jiwe lake.

Vijana huniuliza: je, kumfungia mnyama si dhuluma? Nawakumbusha habari mbili zilizopokewa. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimtania mtoto Abu Umayr juu ya ndege wake mdogo, wala hakumkataza kumweka. Na yeye ndiye aliyetupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia. Wengine nao huleta yaliyopokewa juu ya mjusi wa ukutani, wakayafanya ruhusa ya kumpiga mawe kila mjusi wamwonaye. Huyo mjusi kafiri ni mwingine, na hata palipo na ruhusa ya kuua hapana ruhusa ya kutesa.

Yule mwanafunzi wangu nilimwita, nikamweleza yote, nikamwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Alisikiliza, kisha akauliza kama mkebe ungekuwa mrefu, nusu kivulini na nusu juani, mjusi angelipona. Nikamwambia labda. Siku hizi hukaa ukumbini baada ya somo akiutazama ukuta wa chuo, na huniarifu: saa mbili gorong'ondwa yuko upande wa mashariki, saa sita hayuko, saa kumi amerudi upande wa magharibi.