Kuvu kwenye makochi

Sisi tuishio Lushoto, meta 1,400 hivi juu ya bahari, tunajua unyevu wa masika na baridi ya Juni hadi Agosti. Ndipo makochi na magodoro ya ngozi bandia huota madoa meusi. Hiyo ni kuvu. Vumbi lake huweza kuamsha pumu, hasa kwa watoto.

Fanyeni hivi:

1. Toeni kochi nje. Fungeni kitambaa puani na mdomoni. Futeni kwa kitambaa kibichi; msipanguse kukavu, vumbi litaruka.

2. Osheni kwa sabuni na maji ya vuguvugu.

3. Doa likibaki, changanyeni jiki kikombe 1 na maji vikombe 10. Jaribuni kwanza mahali pasipoonekana. Pakeni, ngojeni dakika 10, suuzeni, kausheni kabisa.

Angalieni! Jiki isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya choo: hutoa hewa ya sumu.

Sponji ya ndani ikinuka kuvu, kuosha juu hakutoshi, ibadilisheni. Kisha sogezeni kochi mbali na ukuta, na fungueni madirisha jua likitoka. Unyevu ukibaki, madoa yatarudi.