Abakosti, libaya na vyerehani vya Birere

Birere ni mtaa wa biashara wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, uliobanana kati ya uwanja wa ndege na mpaka wa Rwanda. Vichochoro vyake vimejaa maduka ya vitambaa vya vikwembe, na karibu na maduka hayo wameketi mafundi wa nguo. Mama ananunua kitambaa, anavuka kichochoro, anapimwa mabega na kiuno, na wanapatana bei hapohapo. Vyerehani vingi ni vya kukanyaga kwa miguu, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami.

Karakana hizi ni shule pia. Anayeanza kujifunza hapewi kitambaa cha mteja. Kwanza anakanyaga cherehani kisicho na uzi juu ya karatasi iliyochorwa mistari, mpaka sindano ifuate mstari bila kuyumba. Baadaye anapewa vipande vilivyobaki: anapiga bandi, anakunja pindo, anatoboa na kuzungushia uzi tundu la kifungo. Kukata huja mwisho, kwa sababu kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudishiki.

Mkono uliofundishwa hivyo unaweza kufanya kazi moja zaidi, ambayo Kongo inaihitaji sana: kushona upya mavazi ya zamani jinsi yalivyoshonwa na wenyewe. Nchini Uingereza kazi hiyo ilipewa njia na Janet Arnold, aliyetoa kitabu chake cha kwanza cha vielelezo vya ukataji mwaka 1964. Alikuwa akiingia katika makumbusho, anageuza gauni ndani nje bila kulifumua, anapima kila mshono, kisha anachora vipande vyote kwenye karatasi ya miraba kwa kipimo cha moja ya nane. Yeyote mwenye mkasi angeweza kuvikuza vielelezo hivyo na kushona nguo ileile. Leo London ina shule nzima ya mavazi ya kihistoria inayofuata njia hiyo, na wanafunzi wake hujifunza kwa kushika sindano.

Kwa Goma kazi hii ya kushona upya mavazi ya zamani ina uzito wa pekee. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya Birere na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Nyumba iliyofunikwa na lava haiachi sanduku la nguo wala albamu ya picha. Kilichosalia kiko kwa jamaa waliokuwa mitaa mingine au miji mingine, na katika kumbukumbu za wazee waliozivaa nguo hizo.

Nguo ya kwanza inayofaa kufunzwa ni libaya, blauzi inayovaliwa pamoja na kikwembe cha kujifunga na kingine cha juu. Piesi moja ya yadi 6 hutoa vikwembe vitatu vya yadi 2: kimoja cha blauzi, kimoja cha kujifunga, kimoja cha kuzungushia kiunoni au kubebea mtoto. Ugumu wake uko begani. Mkono wa blauzi uliovimba hukatwa mpana kuliko kwapa, ukashonwa nyuzi mbili za kuvutia, kisha fundi huzivuta polepole na kuyagawa marinda kwa vidole mpaka mkono uingie kwapani sawasawa.

Kitambaa chenyewe, waksi, ni somo la historia. Waksi ilizaliwa kutokana na batiki ya Java. Wazungu waliiga utaalamu huo kwa mashine, na kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa Helmond nchini Uholanzi mwaka 1846, bado inaichapa. Utomvu mgumu hupakwa pande zote mbili kabla ya kutia rangi, na unapopasuka, rangi hupenya na kuacha mishipa myembamba. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu wa Birere hugeuza kitambaa kabla ya kuuliza bei. Upande wa ndani ukiwa umefifia, hiyo si waksi halisi.

Nguo ya pili ni abakosti. Kati ya mwaka 1972 na 1990, katika siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, suti na tai zilipigwa marufuku nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na wanaume wakavaa koti lisilo na kola ya kukunjwa kifuani, lililofungwa vifungo hadi shingoni. Kwa kuwa halikuvaliwa na shati ndani, kola yake hugusa ngozi. Mshono wa ndani lazima ulale kabisa, la sivyo unachubua. Fundi hupunguza ukingo wa kitambaa, huukata vipande vidogovidogo kwenye mviringo ili usijikunje, kisha huubana kwa pasi ya mkaa. Vikorokoro navyo vina maana yake: skafu shingoni mahali pa tai, na beji ya MPR, chama tawala cha Mobutu, kifuani. Anayeishona leo hana haja ya kuisifia siasa ile. Anajifunza jinsi serikali ilivyofika mpaka shingoni mwa raia.

Kofia zinadai subira zaidi. Kwa Warega wa Kivu Kusini na Maniema, kofia ilionyesha daraja la mtu katika bwami, chama cha wazee wenye hekima. Ilisukwa kwa nyuzi, ikapambwa kwa kauri, shanga na mkia wa tembo, na baadaye hata kwa vifungo vya shati kutoka Ulaya. Wabelgiji walikipiga marufuku chama hicho zama za ukoloni, na vitu vyake vingi vimeishia katika makumbusho ya ng'ambo. Karakana inaweza kujifunza ususi wake na ushonaji wa kauri, lakini daraja haliwezi kushonwa. Ruhusa ya kuivaa kofia hiyo inabaki kwa Warega wenyewe.

Mazingira ya kazi ni magumu. Waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukasimama, na pesa zikawa adimu mikononi mwa wateja. Hata hivyo somo la kwanza halidai mtaji mkubwa: libaya moja ya zamani iliyoazimwa kwa shangazi, karatasi ya miraba, futi ya kupimia, kalamu, na kitambaa cha bei nafuu cha kujaribia kabla ya kugusa kikwembe chenyewe. Wanafunzi wawili wapime, mmoja aandike, na shangazi akae karibu aeleze ilishonwa mwaka gani, kwa sherehe ipi na kwa fundi gani, maelezo yake yaandikwe pembeni mwa mchoro.