Mauthausen: Kambi ya Mateso na Majirani Zake

Mauthausen ni mji mdogo kando ya Mto Danube, yapata kilomita 20 mashariki ya Linz, nchini Austria. Agosti 1938, miezi mitano baada ya Ujerumani kuitwaa Austria, Wanazi walianza kujenga kambi ya mateso kwenye kilima cha jirani. Kilichowavuta ni machimbo ya itale, jiwe gumu walilolihitaji kwa majengo makubwa ya Hitler. Hadi vita vinakwisha, watu wapatao 190,000 walikuwa wamefungwa humo na katika matawi yake, likiwemo Gusen. Wasiopungua 90,000 walikufa.

Kambi hiyo haikuwa siri. Wafungwa walishushwa stesheni ya reli, wakaswagwa kwa miguu kupita mjini hadi kilimani. Kabla ya kambi kupata tanuru lake mwaka 1940, maiti zilisafirishwa kwenda kuchomwa Steyr na Linz. Askari wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, walikunywa katika baa za mji, na timu yao ya soka ilicheza na timu za mkoa kwenye uwanja uliokuwa kambini. Wenyeji walikwenda kutazama, huku wafungwa wagonjwa wakifa katika mabanda yaliyopakana na uwanja huo.

Mwaka 1941 mwanamke mmoja mkulima aliyeishi karibu na machimbo aliwaandikia wakuu barua ya malalamiko. Alieleza kuwa wafungwa waliopigwa risasi waliachwa wakigaagaa kwa saa nyingi kabla ya kukata roho. Aliomba ukatili huo ukomeshwe, au basi ufanyiwe mahali ambapo watu hawatauona.

Ushiriki wa wazi zaidi wa wenyeji katika mauaji ulitokea Februari 1945. Usiku wa kuamkia tarehe 2, wafungwa wapatao 500, wengi wao maofisa wa jeshi la Kisovieti, waliwashambulia walinzi na kutupa mablanketi yaliyolowa juu ya waya wa umeme. Zaidi ya 400 walivuka ukuta. SS iliwaita polisi, wanamgambo, Vijana wa Hitler na raia wa kawaida kuwasaka. Wasakaji wenyewe waliuita msako huo uwindaji wa sungura. Karibu wote waliokamatwa waliuawa papo hapo. Wanaojulikana kunusurika ni 11 tu.

Hata hivyo, familia ya Langthaler ya karibu na Schwertberg iliwaficha watoro wawili hadi vita vilipokwisha. Mjini Mauthausen, Anna Pointner alificha kwenye ukuta wa bustani yake negativu za picha zilizoibwa kambini na wafungwa wa Kihispania. Baadaye picha hizo zilitumika kama ushahidi mahakamani.

Jeshi la Marekani liliikomboa kambi tarehe 5 Mei 1945. Mwaka uliofuata watuhumiwa 61 walihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Marekani huko Dachau, lakini ni raia wachache tu walioshiriki msako waliofikishwa kortini. Mnara wa kuwakumbuka waliouawa katika msako huo ulisimamishwa Ried in der Riedmark mwaka 2001.